Mota ya Korongo Ilikuwa Miguu Yangu

Siku niliyostaafu mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba. Keki iliisha palepale. Saa inachelewa, jambo la aibu kidogo kwa zawadi iliyotoka kwa mafundi wa mota. Hotuba sikuisikia vizuri kwa sababu kuna mtu aliacha kompresa ikinguruma, na wewe unajijua. Baadaye mmoja wenu akanishika mkono akaniambia, "Mama Koili, tuandikie basi vile mlikuwa mnafanya job kitambo." Nadhani alitaka tu kunifariji. Lakini mimi ni mtu wa Olenguruone, ukiniambia kitu nakishika, kwa hiyo sasa itabidi msome.

Sitaandika nilivyopandishwa cheo wala nilivyolipwa. La kwanza halijazi mstari mmoja, na la pili litawafanya mwache kazi.

Nilishuka Nakuru nikiwa msichana, nimevaa sweta nzito ya huko kwetu kwa baridi, na nilipofika kwenye geti la karakana jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye viatu. Mkuu wa kusuka mota, yaani kuzijaza waya mpya zikiungua, alikuwa Mzee Swaleh. Wakati huo hakuwa mzee hata kidogo, ila alikuwa na kofia ya vito, ile ya kutarizi, miwani, na namna ya kunyamaza iliyomfanya kila mtu amwite hivyo. Alizaliwa mtaa wa Bondeni, palepale Nakuru, babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Changu hakikuwa hivyo. Nilipomaliza kujieleza aliniuliza, "Cherono, hicho Kiswahili kilishuka na lori moja na viazi?"

Vyeti vyangu hakuviangalia. Aliniambia nimwonyeshe mikono. "Umewahi kusuka nini?" Nikamwambia nimesuka vikapu na masweta. "Vizuri," akasema, "mota ni kikapu cha kopa. Tofauti ni kwamba ukikosea kikapu, viazi vinamwagika. Ukikosea mota, moshi."

Halafu hakunipa mota. Alinipa nyundo, patasi na rundo la mota zilizoungua, nitoe waya kuukuu za kopa na kusafisha matundu. Nilifanya hivyo hadi nikaota harufu ya vanishi iliyoungua. Sasa nyinyi mkiletewa mota mnakimbilia mita. Mzee alikuwa anainama ananusa kwanza. Vanishi iliyozidiwa na mzigo inanuka tofauti na iliyoingiwa na maji, na pua haihitaji betri. Chombo chake kingine kilikuwa kijiti cha mwanzi, alichokichonga mwenyewe, cha kusukumia waya ndani ya tundu bila kuuchubua. Alinipa kimoja siku niliyosuka koili yangu ya kwanza bila kurudia. Ndicho kile kilichobaki kwenye droo ya benchi langu. Niliona mmoja wenu anakitumia kukorogea chai. Sikusema kitu, lakini niliona.

Sheria ya Mzee iliyozidi zote ilikuwa ya kusimama. "Mota ina uso na mgongo kama mtu," alituambia. "Shafti, kile chuma kinachotokeza na kuzunguka, ndiyo uso. Ukitaka kujua inazunguka upande gani, simama mgongoni mwake, uone inachokiona." Ukisimama mbele, kila kitu kinageuka: mwendo wa saa unakuwa kinyume cha saa, na fundi anakuwa mjinga. Kwa hiyo kwenye karakana yetu hakuna aliyeruhusiwa kusema mota inazunguka vipi kabla hajaenda nyuma yake. Ukisharidhika, unachora mshale wa chaki. Na mota hujaribiwa bila mzigo, shafti tupu, ndipo ifungwe kwenye pampu au kinu.

Niliielewa sheria hiyo siku tuliyoitwa shamba moja la Rongai. Kisima kilikuwa kimechimbwa upya, pampu mpya, na maji yalikuwa yanatoka kama ya mtu mwenye mafua. Meneja alikuwa ameshalaumu kisima, ukame na mchimbaji, na alikuwa anakaribia kulaumu shetani. Mzee alizunguka mota mara moja, akasimama mgongoni, akasema, "Cherono, badilisha waya mbili." Umeme wa fezi tatu, unaokuja kwa waya tatu, ni hivyo: badilisha waya mbili zozote, mota inageuka. Nikabadilisha. Maji yaliruka yakamlowesha meneja suruali. Njiani kurudi Mzee aliniambia jambo ambalo nililikumbuka mwaka huu: kitu kinachozunguka kinyume si kwamba hakifanyi kazi. Kinafanya kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachokudanganya.

Sasa niwaambie kuhusu Korongo, kwa sababu mmeisikia tu kwa uvumi.

Korongo ni glaida, yaani ndege ndogo ya kuelea isiyo na injini, inayoongozwa na rimoti kutoka chini. Mzee aliiunda mwenyewe. Mabawa yake ni marefu kuliko meza ya kulia ya kwangu. Mifupa ni ya mbao nyepesi, ngozi ni kitambaa, na kitambaa hicho alikikaza kwa vanishi yetu ileile ya mota, kwa hiyo Korongo inanuka karakana mpaka leo. Pua aliichonga kwa kipande kimoja cha mti, akaipiga msasa mpaka ikawa laini kama mwiko wa zamani. Aliipenda hiyo pua. Bi Mariamu, mkewe, alikuwa anasema angependa naye asifiwe pua siku moja.

Glaida haipandi yenyewe. Mtu anashika uzi mrefu ulionaswa kwenye ndoano tumboni mwake, anakimbia kukabili upepo, nayo inapanda nyuma yake kama kishada. Ikifika juu uzi unachomoka, ndege inabaki inaelea. Mtu huyo alikuwa mimi. Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa namkuta Mzee juu ya Milimani, pale penye uwanda wa wazi njia ya kwenda Menengai, navua viatu vya kanisa, navaa raba, nakimbia na gauni langu. Wenye nyumba kubwa za Milimani waliopita na mbwa wao walidhani ni namna mpya ya maombi.

"Kimbia!" Mzee alikuwa anapiga kelele. "Usiangalie nyuma!" Kwa sababu ukiangalia nyuma unapunguza mwendo, uzi unalegea, na ndege inaanguka. Kwa hiyo nilikuwa nakimbia macho mbele mpaka nisikie, "Basi!" Nikigeuka, Korongo iko juu kabisa, imeshaachana na mimi, na kazi yangu inayofuata ni kukunja uzi uliojaa miiba. Miaka mingi mota ya ile ndege ilikuwa miguu yangu, na mota haiangalii inachokivuta.

Mzee alistaafu kabla yangu. Magoti yakamlemea, Bi Mariamu akatutoka, na Korongo ikatundikwa kwenye dari la sebule Bondeni, ikakusanya vumbi. Nilikuwa napita kumjulia hali, lakini nyinyi mnajua kazi ilivyo. Ziara zilikuwa fupi. Wiki ileile niliyostaafu nikaenda nikakaa vizuri, na ndipo aliponiambia kwamba mwanawe Bakari anakuja Jumapili kumchukua, wakaishi Mombasa.

"Na Korongo?"

"Bakari ana duka la fanicha. Ataitundika juu ya makochi. Anasema itavuta wateja."

Moyo uliniuma, siwafichi. Nilikuwa nimestaafu siku chache tu zilizopita, bado najiuliza asubuhi nivae nini, na mtu aliyenifundisha kila kitu anafungasha. Nikamwambia, "Mzee, huwezi kuhama bila kuirusha tena."

"Nani atakimbia?"

Tukatazamana. Yeye akaangalia magoti yangu, mimi nikaangalia yake. Hakuna aliyejitolea.

"Tuweke mota," nikasema.

Nilidhani atanifukuza. "Ndege ya mota? Hiyo si korongo tena, hiyo ni feni iliyokosa ukuta! Na utaiweka wapi? Utaikata pua?" Alisema pua kama mtu anayetaja mtoto wake.

Nikamwambia pua haitaguswa. Mota itakaa juu ya mgongo, nyuma ya mabawa, iangalie mkiani, isukume badala ya kuvuta. Ikishapanda tunaizima, Korongo inaelea kama zamani. Mzee aliinua macho kuitazama pua darini. Kisha akasema, "Ikiruka, nitakuwa na kazi Nakuru. Bakari hawezi kumhamisha mtu mwenye kazi. Isiporuka, naenda nayo, na usilie mbele ya watu."

Mota niliipata mtaa wa Rhonda, kwa kijana anayetengeneza simu na droni kwenye kibanda chenye spika kubwa kuliko kibanda. "Mathe, hii iko fiti, haina brashi, inavuta vinoma," akaniambia. "Ni ya mtoi?" Nikamwambia ni ya mzee fulani. Akaniongezea propela, lile panga la kusukuma hewa, na betri iliyojaa chaji kwa huruma. Nilipoigeuza ile mota nikacheka mwenyewe: ndogo kama kizibo cha chupa, lakini ina waya tatu. Fezi tatu! Nilikuwa nimebeba pampu ya Rongai kwenye mfuko wa sweta.

Tulifanya kazi sebuleni, juu ya meza ya Bi Mariamu iliyotandikwa magazeti. Nawaelezea kwa sababu kuna mambo ya kujifunza, hata kwa nyinyi mnaojua yote. Kwanza nilichonga kisimamio cha plaiwudi, nikakigundisha na kukifunga kwa skrubu juu ya ubao mnene unaoshika mabawa mawili, si kwenye kitambaa. Kisimamio lazima kiwe kirefu kiasi kwamba propela isikwangue mgongo wa ndege. Lakini mota ikikaa juu hivyo, inasukuma pua chini, kwa hiyo niliiinamisha kidogo kwa kuiwekea washa, vile visahani vya skrubu, chini yake. Pili, uzito. Umeongeza mota nyuma, basi pua itainuka na ndege itakaa kitako hewani. Betri ilienda mbele, na bado haikutosha. Mzee akayeyusha vipande vya risasi ya kulehemu, vikapoa donge moja, tukalisukuma nyuma ya pua kupitia chini ya tumbo, mpaka Korongo ikasimama sawasawa juu ya vidole vyangu viwili. Tatu, propela ina upande wenye maandishi. Upande huo uangalie mbele, ndege inakokwenda, hata kama mota yenyewe imegeuka nyuma. Wengi hukosea hapo. Sisi hatukukosea hapo.

Tulikaa mkiani, tukaipima propela kwa macho, tukakubaliana: ukitazama kutoka mkiani, izunguke mwendo wa saa. Nikaichomoa, kwa sababu mota hujaribiwa bila mzigo. Nikabandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye shafti ili kionekane kikizunguka. Kisha nikazunguka meza nikaenda mgongoni mwa mota, upande wa pua ya Korongo, ambako miguu yangu hunipeleka yenyewe. Mzee naye akajikokota akaja kusimama kando yangu. Nikaiwasha polepole.

"Mwendo wa saa," nikasema.

"Mwendo wa saa," akasema.

Nikachora mshale wa chaki, nikairudisha propela. Mafundi wawili, miaka yote ile ya kazi ikijumlishwa, tumesimama bega kwa bega mahali pamoja, tumeridhika sana.

Jumamosi jirani alitupeleka juu ya Milimani na Probox yake, Korongo imelala kwenye buti, mabawa tumeyafungua yakalala miguuni petu. Upepo ulikuwa mzuri, unapanda kutoka upande wa ziwa. Mzee alivaa kofia mpya. Alikaa kwenye kiti cha plastiki tulichokibeba, rimoti mapajani, akaniambia, "Wewe itupe tu. Usikimbie. Utavunjika tuitwe polisi."

Nikainua Korongo juu ya kichwa, nikahesabu kimoyomoyo, nikaitupa. Mzee akawasha mota.

Korongo ikasimama hewani. Sijui niseme vipi. Ilienda kidogo, ikasita kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka, ikaonekana kabisa inataka kurudi nyumbani, kisha ikaanguka kwenye kichaka cha leleshwa. Nilienda kuitoa. Kitambaa kilikuwa kimepasuka kidogo kwenye bawa moja. Pua haikuwa na alama. Leleshwa ni mti mwema.

Niliporudi Mzee alikuwa ameweka rimoti chini kwenye nyasi. "Ndiyo basi," akasema. "Mpigie Bakari aje na kamba ya kuitundikia."

Alikuwa anatania, lakini sauti haikuwa ya utani. Nilijua akiinuka kwenye kile kiti amekwisha kuhama. Nikamwambia angoje nizibe lile tundu, na kweli nikaziba, polepole kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikuwa na wazo lingine. Kisha, ili nionekane nafanya kitu, nikaishika Korongo kifuani, uso wangu juu ya pua yake, nikamwomba aiwashe kidogo nisikilize kama beringi imeumia.

Akaiwasha. Kitambaa changu cha kichwa kikapeperuka, kikafunguka, kikaenda zake.

Mzee alikuwa anakitazama kikipaa. Mimi nilikuwa nafikiria upepo. Nimesimama mbele ya ndege, na upepo unanipiga usoni. Mota inayosukuma inatakiwa impulizie aliye mkiani.

"Mzee," nikasema, "tulisimama wapi?"

"Lini?"

"Jana. Tulipoangalia mwendo wa saa."

"Mgongoni mwa mota. Utasimama wapi tena?"

"Na mota imeangalia mkiani. Mgongo wake uko upande wa pua. Propela tuliipima kutoka mkiani, mota tukaipima kutoka mbele."

Alichora duara hewani kwa kidole, kisha akalichora kinyume. Niliona ile sheria yake inazunguka kichwani mwake, mwendo wa saa, kinyume cha saa. Mtoto yeyote angeweka kiganja nyuma ya propela akasikia upepo unaenda wapi, na yule kijana wa Rhonda angefanya hivyo huku anaongea na simu. Sisi hatukuhitaji kiganja. Sisi tulikuwa na sheria.

"Cherono," akasema hatimaye, "nani alikufundisha vibaya hivi?"

"Kuna mtu mmoja wa Bondeni."

"Hao ni watu wabaya. Badilisha waya mbili."

Nikabadilisha. Zilikuwa za kuchomeka tu. Kazi ya dakika. Nikaweka kiganja nyuma ya propela, mbele ya macho yake, naye akajifanya hakuona. Upepo ulienda mkiani. Nikafuta mshale wa chaki, nikachora mwingine.

Nikaitupa mara ya pili.

Sikukimbia. Hilo ndilo lililonishinda kulizoea. Mwili wangu wote ulikuwa umeshajiandaa, mguu mmoja mbele, na masikio yangu yanangoja kusikia, "Usiangalie nyuma!" Lakini hapakuwa na uzi. Nilisimama tu, mikono bado juu, na Korongo ikaondoka mikononi mwangu, ikashuka kidogo, ikashika hewa, ikaanza kupanda. Mabawa yalipinda kidogo kwenda juu, yakabeba. Jua lilipita ndani ya kitambaa, ukaona kila mfupa alioukata Mzee. Ilipanda, ikapanda, sauti ya mota ikawa ndogo kama ya nyuki, halafu Mzee akaizima, na hapakuwa na sauti yoyote.

Nililia. Mzee alinikataza kulia kama haitaruka. Ikiruka hakusema lolote.

"Una nini?" akauliza, macho juu.

"Sijawahi kuiona ikipanda," nikamwambia. "Kila mara nilikuwa nimeipa mgongo."

Aliizungusha Korongo polepole juu ya uwanda, akairudisha juu yetu, kivuli chake kikatupitia. Kisha akashika rimoti kwa mkono mmoja, akatoa simu kwa mwingine, jambo ambalo ningemkataza mwanafunzi yeyote, akampigia Bakari. Niliweza kumsikia Bakari akisema yuko garini, ameshaanza safari.

"Geuza," Mzee akamwambia. "Siji. Nimepata kazi."

Sikusikia Bakari alijibu nini. Nilimsikia Mzee tu.

"Kazi gani? Nina mwanafunzi hapa, amestaafu juzi, na bado hajui mota inaangalia wapi."